Sydney au Melbourne: pa kuanzia kwa mwenye viza ya likizo ya kazi

Viza ya likizo ya kazi ya Australia humpa kijana mwaka mmoja wa kuishi, kutembea na kufanya kazi katika nchi hiyo, na swali linalomkabili karibu kila anayeipata ni kama ashukie Sydney au Melbourne. Miji hii miwili ndiyo mikubwa kuliko yote Australia, kila mmoja ukiwa na watu zaidi ya milioni tano, na yote miwili ina kazi za mikahawani, maghalani, hotelini na za usafi ambazo mgeni asiyejuana na mtu anaweza kuzipata akiwa mwepesi wa kuulizia. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda na akiba ya kawaida, asiye na ndugu wa kumpokea, ambaye miezi mitatu ya kwanza ndiyo itakayoamua kama mwaka wake utakuwa wa neema au wa kuhangaika.

Liwekwe wazi kwanza jambo moja, ili mtu asipoteze fedha zake. Viza hii hutolewa kwa kuangalia pasipoti, na orodha za nchi zinazostahili, ile ya viza namba 417 na ile ya namba 462, hazina hata nchi moja ya Afrika. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda mwenye pasipoti ya kwao pekee hawezi kuiomba, na wakala anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Anayeweza ni yule aliyezaliwa au kukulia ughaibuni akapata uraia wa huko: Uingereza, Kanada, Ubelgiji, Uholanzi, Sweden, Norway, Denmark, Ujerumani au Ufaransa kwa viza ya 417, na Marekani kwa viza ya 462. Umri wa kuomba ni miaka 18 hadi 30, isipokuwa raia wa Uingereza, Ireland, Kanada, Ufaransa, Italia na Denmark, ambao wameongezewa hadi miaka 35. Aliyekaa Afrika Mashariki miezi kadhaa mfululizo katika miaka ya karibuni ajiandae pia kuombwa eksirei ya kifua kabla ya viza kutoka, kwa hiyo asikate tiketi mapema.

Mshahara mmoja, kodi mbili za chumba

Kwa maoni yangu hesabu inayopaswa kutangulia nyingine zote ni hii. Kima cha chini cha mshahara nchini Australia hupangwa kwa nchi nzima, na Julai 2025 kiliwekwa kuwa dola 24.95 za Australia kwa saa. Anayeajiriwa kama kibarua, bila likizo ya malipo wala siku za ugonjwa, huongezewa asilimia 25, hivyo hufikia kama dola 31 kwa saa. Anayeosha vyombo Sydney na anayeosha vyombo Melbourne wanaanzia pale pale. Kodi ya chumba, kwa upande mwingine, haifuati sheria ya nchi nzima. Mwaka 2025, chumba cha mtu mmoja katika nyumba ya kushirikiana, mahali panapofikika kwa treni bila kupoteza nusu ya siku, kilipatikana Melbourne mara nyingi kwa dola 230 hadi 320 kwa wiki, na Sydney kwa dola 300 hadi 420.

Tuchukue kibarua aliyepata saa 25 kwa wiki, kiasi ambacho ni cha kweli kwa mgeni katika mwezi wake wa kwanza au wa pili. Atalipwa kama dola 780. Mwenye viza hii hukatwa kodi ya mapato ya asilimia 15 tangu dola ya kwanza hadi dola 45,000 kwa mwaka, ikiwa mwajiri wake amejisajili kuajiri watu wa aina hiyo; kwa hiyo mkononi zitabaki kama dola 660. Akitoa dola 270 za chumba Melbourne, anabaki na 390 za chakula, nauli, simu na akiba. Akitoa dola 360 Sydney, anabaki na 300. Tofauti ya dola 90 kwa wiki huonekana ndogo kwa mtu anayepokea mshahara kamili, lakini kwa anayesubiri kupigiwa simu kujua kama kesho ana zamu, fedha hizo ndizo nauli na chakula cha wiki nzima.

Makato mengine hayabagui mji. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na mamlaka ya kodi ya Australia, huombwa kwa mtandao baada ya kuingia nchini, na asiyempa mwajiri namba hiyo hukatwa kwa kiwango cha juu kabisa. Mwajiri pia anapaswa kuweka asilimia 12 juu ya mshahara katika mfuko wa pensheni. Fedha hizo zinaweza kudaiwa baada ya kuondoka na viza kwisha, ila mwenye viza hii hukatwa asilimia 65 anapozichukua, kwa hiyo asizipigie mahesabu makubwa.

Kupata chumba

Katika miji yote miwili kodi hutajwa kwa wiki na mgeni huanzia hosteli, kisha hutafuta chumba katika tovuti ya Flatmates au makundi ya Facebook. Mwenye chumba humwalika aje kukitazama, na wengine watano au kumi nao wamealikwa. Inafaa kujua kwamba ziara hiyo ni usaili. Watakuuliza unafanya kazi wapi, unarudi saa ngapi usiku, unapika mara ngapi, na jinsi unavyojibu huwa na uzito kuliko utayari wako wa kulipa. Nawe una haki ya kukagua. Fungua dirisha, sogeza kabati utazame ukuta wa nyuma, na uulize nani hulipa umeme na intaneti. Sydney kinachotafutwa nyuma ya kabati ni ukungu, kwa sababu mji huo hupata mvua karibu mara mbili ya Melbourne na unyevu wake wa kiangazi ni wa pwani. Melbourne kinachoulizwa ni heta: ipo chumbani, au ipo sebuleni tu? Nyumba nyingi za zamani za huko zimejengwa bila kuzuia baridi vizuri, na mwezi Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi sita au saba, mtu aliyekulia London au Stockholm hushangaa kuona baridi ya ndani ikimsumbua kuliko ya kwao.

Amana haipaswi kuzidi wiki nne za kodi katika jimbo la New South Wales, ambako Sydney ipo. Jimbo la Victoria, ambako Melbourne ipo, kwa kodi za kawaida huweka kikomo cha mwezi mmoja. Majimbo yote mawili yana chombo cha serikali kinachotunza amana, ili mwenye nyumba asiitumie kama mali yake. Tatizo ni kwamba anayekodi chumba kutoka kwa mpangaji mwenzake mara nyingi hupeleka fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi. Hapo adai maandishi yenye jina, tarehe, kiasi na anwani ya nyumba, na asitume hata senti kwa chumba ambacho hajakiona kwa macho yake, hata mwenye tangazo awe na simulizi ya kuaminika kiasi gani kuhusu safari yake ya ghafla.

Katikati ya Sydney, hasa Haymarket na Ultimo, kuna fleti ambazo chumba kimoja kimewekwa vitanda vya ghorofa kwa watu wanne au zaidi. Bei yake humvutia anayetoka hosteli. Mimi simshauri mtu akae humo zaidi ya siku chache: mkataba mara nyingi haupo, mlango wa chumba haufungwi kwa faragha, na mtu wa zamu ya alfajiri halali.

Kwa maeneo, anayekwenda Sydney aangalie Marrickville na Ashfield kwa ukaribu wa mji, au Parramatta, Auburn na Blacktown kwa unafuu, akijua kwamba kutoka Blacktown hadi katikati ya mji ni kama dakika 40 za treni. Bondi na Coogee zina bahari na vijana wengi wenye viza kama yake, na bei zake zinafuata jambo hilo. Auburn na Lakemba zina misikiti mikubwa na maduka ya nyama halali kila hatua chache, na katika mwezi wa Ramadhani barabara ya Haldon huko Lakemba hujaa majiko ya chakula usiku kucha. Kwa anayekwenda Melbourne, maeneo ya Brunswick na Coburg yapo kwenye njia za tramu na yana nyumba nyingi za kushirikiana. Footscray, upande wa magharibi, ndiyo ningeitaja kwanza kwa msomaji wa Kiswahili: treni huchukua kama dakika kumi kufika mjini, migahawa ya Kihabeshi imepangana, na katika maduka ya Kivietinamu mtu hupata bamia, ndizi za kupika na mihogo ya kugandishwa bila kuzunguka mji mzima. Upweke wa wiki za mwanzo hupungua sana mtu anapoweza kupika chakula anachokijua.

Kazi na vyeti vyake

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Vyeti vingine vya kazi ni vya jimbo. Kuhudumia pombe katika baa, hoteli au mgahawa kunahitaji cheti cha mafunzo ya kuuza pombe kwa uangalifu, na cheti kilichochukuliwa Victoria hakimtoshi anayehamia New South Wales, ambako atadaiwa mafunzo ya nyongeza na kadi ya huko. Kibali cha kufanya kazi na watoto, kinachohitajika katika vituo vya malezi na kambi za shule, nacho hutolewa na kila jimbo kwa utaratibu wake. Kadi nyeupe ya usalama wa kazi za ujenzi, tofauti na hivyo, inatambulika nchi nzima. Kwa hiyo anayetaka baa au malezi achague mji kwanza ndipo alipie mafunzo. Anayetaka ujenzi hana haja ya kuhofia.

Asiyetaka kushika pombe kwa sababu ya dini yake hana sababu ya kukata tamaa katika mji wowote. Maghala makubwa yapo magharibi ya Melbourne, katika Truganina, Derrimut na Laverton, na magharibi ya Sydney, katika Eastern Creek na Wetherill Park. Kazi hizo hupitia kwa mawakala wa ajira, zamu nyingine huanza kabla ya treni ya kwanza, na ndiyo maana wenye gari au wenzao wenye gari huitwa mbele.

Katika mikahawa, Melbourne inajivunia kahawa yake kuliko mji mwingine wowote wa nchi hiyo. Hii ni nafasi kwa aliyewahi kusimama nyuma ya mashine, na ni kizuizi kwa asiyewahi, kwa sababu atawekwa kwenye jaribio na kuonekana mara moja. Jaribio halali ni la muda mfupi wa kuonyesha ujuzi. Anayeombwa kufanya zamu nzima bila malipo anadhulumiwa, na ofisi ya serikali ya Fair Work Ombudsman hupokea malalamiko hata ya mwenye viza ya muda. Sydney ina uwanja mpana zaidi wa hoteli na utalii, na joto lake hufanya kazi za nje zisikauke sana wakati wa baridi. Melbourne hufidia kwa matukio: mbio za farasi za Melbourne Cup Jumanne ya kwanza ya Novemba, tenisi ya Australian Open mwezi Januari, na mpira wa kanuni za Australia kwenye uwanja wa MCG unaochukua watu wapatao 100,000. Matukio hayo huhitaji vibarua wengi kwa siku chache. Anayefika Oktoba huikuta milango hiyo ikifunguka. Anayefika Juni hukuta waajiri wakipunguza saa, na Melbourne humkaba zaidi.

Asisahau kwamba viza hii kwa kawaida humruhusu kukaa na mwajiri mmoja miezi sita tu, ingawa kuna vighairi, hasa katika kilimo. Mji utakaompa kazi ya kwanza upesi unapaswa pia kuwa na ya pili.

Mashamba, na sababu ya mimi kuelemea Melbourne

Raia wa Uingereza, tangu Julai 2024, anaweza kupata viza hii mara tatu bila masharti ya kazi maalumu. Wengine wote wanaotaka mwaka wa pili wanadaiwa miezi mitatu ya kazi iliyoidhinishwa, ambayo watu huihesabu kama siku 88, na mwaka wa tatu miezi sita mingine. Kuchuma matunda ni mojawapo ya kazi hizo, mradi msimbo wa posta wa shamba uwemo katika orodha ya serikali. Kwa mtu wa kundi hili, umbali wa mji hadi shamba ni sehemu ya uchaguzi wenyewe.

Kutoka Sydney, maeneo yanayojulikana kwa kazi hizo, kama Griffith au mashamba ya matunda ya bluberi karibu na Coffs Harbour, yako zaidi ya kilomita 500. Kutoka Melbourne, bonde la Goulburn lenye mapea, mapichi na matofaa liko chini ya kilomita 200, na treni ya kwenda Shepparton huchukua chini ya saa tatu. Aidha, tangu Machi 2023 nauli ya usafiri wa umma katika jimbo zima la Victoria ina kikomo cha siku kilichosawazishwa na cha mjini, kama dola 11, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kuliona shamba na malazi yake, akazungumza na msimamizi, na akarudi jioni kabla ya kujifunga.

Shepparton ina jambo jingine lenye uzito kwa msomaji wetu. Mwaka 2005 familia za wakimbizi kutoka Kongo zilipelekwa huko chini ya mpango wa majaribio wa kuwapatia wakimbizi makazi nje ya miji mikubwa, na jamii hiyo imekua. Kijana wa Brussels au Ottawa anayezungumza Kiswahili cha nyumbani anaweza kuwakuta watu wa kumwambia kwa lugha yake ni msimamizi gani hulipa kwa wakati, ni nyumba gani ina maji ya moto, na kanisa lipi lina basi la Jumapili. Maelezo kama hayo hayapatikani katika tangazo lolote.

Kazi yenyewe ni ngumu na isipambwe. Mchumaji hufunga mfuko wa turubai kifuani, hupanda ngazi ya miguu mitatu, huujaza mfuko hadi mabega yamvute, kisha hushuka na kuufungua kwa chini ili mapea yateremke taratibu ndani ya kreti kubwa bila kuchubuka. Zamani waliolipwa kwa kreti waliweza kumaliza siku na ujira wa aibu. Tangu Aprili 2022 mchumaji anayelipwa kwa kiasi alichochuma ana uhakika wa kiwango cha chini cha saa, na kila anapolipwa anapaswa kupewa hati ya malipo. Hati hizo atunze zote: ndizo ushahidi wa siku zake atakapoomba mwaka wa pili.

Usafiri na afya kwa ufupi

Sydney ni rahisi siku ya kwanza. Kadi ya benki ya kugusa hulipia treni, basi, tramu na feri, na uwanja wa ndege uko karibu na mji, ingawa stesheni zake hutoza ada ya ziada inayozidi dola 17. Basi namba 420 hadi stesheni ya Mascot hukwepa ada hiyo. Uwanja wa ndege wa Melbourne hauna treni, watu huchukua basi la SkyBus hadi stesheni ya Southern Cross, na mji umezoea kadi yake ya Myki. Katikati ya Melbourne tramu ni bure ndani ya eneo maalumu tangu 2015, na anayepanda na kushuka humo hagusi kadi. Akivuka mpaka wa eneo hilo, kwa mfano kuelekea St Kilda, aguse mapema, kwa kuwa wakaguzi hawasikilizi kisingizio cha ugeni.

Raia wa Uingereza, Sweden, Uholanzi, Ubelgiji, Norway na Ireland ni miongoni mwa wanaohudumiwa na Medicare, mfumo wa afya wa serikali ya Australia, kwa matibabu ya lazima kwa mujibu wa mikataba ya nchi zao. Kanada, Marekani, Ujerumani na Ufaransa hazimo, na raia wao wanunue bima kabla ya kusafiri. Hata aliye na Medicare halipiwi gari la wagonjwa, na safari moja ya dharura ndani ya Melbourne inaweza kugharimu zaidi ya dola elfu moja. Anayekaa Victoria anaweza kujiunga na Ambulance Victoria kwa ada ndogo ya mwaka, na ningemtaka kila mmoja afanye hivyo wiki ya kwanza.

Nani aende wapi

Kwa mwenye akiba isiyozidi sana dola 5,000 ambazo serikali hutarajia awe nazo, na anayehitaji siku za shambani, nachagua Melbourne bila kusita, akiwasili Oktoba au Novemba. Mwenye pasipoti ya Uingereza asiyedaiwa shamba, mwenye uzoefu wa hoteli au wa kazi za ofisini, na asiyevumilia miezi ya mawingu na upepo wa kusini, Sydney itamfaa zaidi, mradi aende na fedha za kodi ya wiki nane, kwa sababu kupata chumba humo huchukua muda na ushindani ni mkali. Anayefika katikati ya mwaka aanzie Sydney hata kama nia yake ni Melbourne, kisha ahame majira yakibadilika.

Kuhama kwenyewe si jambo kubwa. Treni hufanya safari kati ya miji hiyo mara mbili kwa siku, ya mchana na ya usiku, kwa muda wa kama saa 11. Namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, mfuko wa pensheni na kadi nyeupe humfuata mtu alipo. Cheti cha kuuza pombe na kibali cha watoto avifanye upya, na amana aidai kabla ya kukabidhi ufunguo, akiwa na picha za chumba alizopiga siku aliyoingia.